Anakupiga Picha, Lakini Je, Anakuona?

Mwezi huu naomba tuzungumze kuhusu wapiga picha, na nikisema wapiga picha usifunge ukurasa ukadhani hayakuhusu. Kama una simu na una mpenzi, haya yanakuhusu sana.

Kazi yangu ya uhariri inanikutanisha na wapiga picha wa kila aina. Wapo wa harusi, wapo wa mitindo, wapo wa magazeti, na wapo vijana waliomaliza chuo juzi tu, wamekopa hela ya kununulia kamera na sasa wanatafuta pa kuanzia. Kila anayekuja na kazi zake, nikishaziangalia huwa namuuliza swali moja: mwenzangu, mzuka wa kazi unautoa wapi? Majibu yanafanana sana. Mwanga wa jioni jua linapozama. Safari. Bahari. Kazi za wakubwa wa fani kwenye mitandao. Wala si majibu mabaya, maana kweli mwanga wa jioni ni mtamu. Ila ni mara chache sana mtu kunitajia jina la mtu.

Nashangaa kwa sababu ukifuatilia maisha ya wapiga picha ambao kazi zao zimedumu, wengi utakuta nyuma ya kazi zile kuna mtu. Na mara nyingi mtu huyo hakuwa mwanamitindo wala mwigizaji. Alikuwa mke, mume, ndugu, kijana wa mtaa wa pili. Mtu ambaye mpiga picha anajua akilala anakoroma, na akikasirika anaosha vyombo kwa kelele. Hapo ndipo mada hii inapoingia nyumbani kwetu. Kama mzuka wa kazi ya mwenzako ni wewe, basi una haki ya kuuliza: na mimi napata nini?

Nina hadithi tatu za kweli na moja ya hapahapa kwetu. Twende taratibu.

KARANI NA MKEWE

Harry Callahan alizaliwa mwaka 1912 huko Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari. Hakusomea upigaji picha. Alikuwa karani katika kampuni ya magari ya Chrysler, na mkewe Eleanor, waliyefunga naye ndoa mwaka 1936, alikuwa katibu muhtasi. Mwaka 1938 Harry alinunua kamera, kama watu wengine wanavyonunua kitu cha kujiburudisha baada ya kazi. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha aliyesifika kwa picha za milima, alifika Detroit kuzungumza na wanachama wa klabu ya picha, na Harry alitoka pale akiwa mtu mwingine. Akajua hiki ndicho anachotaka kufanya maisha yake yote.

Ila kazi iliyomjengea jina Harry haikutoka milimani. Ilitoka chumbani, jikoni na mtaani kwao. Mwaka 1946 alipata kazi ya kufundisha upigaji picha huko Chicago, mwaka 1950 binti yao Barbara akazaliwa, na katika miaka hiyo Harry alimpiga picha Eleanor mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Ipo picha ya mwaka 1949 ambapo Eleanor yumo ndani ya maji ya ziwa, kinachoonekana ni kichwa na mabega, macho ameyafumba, nywele zimelowa. Hana kidani, hana rangi ya mdomo inayopiga kelele, hafanyi pozi lolote. Zipo nyingine ambazo yeye na Barbara wamesimama katikati ya jiji, wadogo kama punje za mchele, na kamera iko mbali kabisa. Ukizitazama unajiuliza, kwa nini awaweke mbali hivyo? Halafu unagundua kwamba jicho lako linawatafuta wao tu, jiji zima hulioni. Mwenye familia anajua hisia hiyo. Hata stendi iwe imejaa vipi siku ya sikukuu, wa kwako unamwona.

Harry alikuwa na utaratibu kama wa mtu wa ofisini. Asubuhi anatoka kutembea na kamera, mchana anaingia chumba cha giza kusafisha picha. Aliacha negativu zipatazo 100,000, lakini mwenyewe alikadiria kwamba picha za kweli alizokuwa akizipata zilikuwa kama nusu dazeni kwa mwaka. Nusu dazeni! Wewe unayekata tamaa kwa sababu wikiendi moja imepita bila kupata picha nzuri, hebu tulia.

Na Eleanor je? Wakati Harry anahangaika na sanaa yake, yeye aliendelea kufanya kazi za ofisini, na mshahara wake ulisaidia kuishikilia nyumba. Kwa maneno mengine, mzuka wa Harry ulikuwa unaamka asubuhi kwenda kazini na mwisho wa mwezi unaleta hela. Akiwa bibi mzee alisimulia kwamba Harry alimpiga picha mvua inyeshe au jua liwake, awe anaosha vyombo au ana usingizi machoni, na kwamba yeye hakuwahi kumkatalia. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 60, mpaka Harry alipofariki mwaka 1999. Eleanor alimfuata mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 95.

Hadithi tamu, sivyo? Lakini mimi kwenye hilo neno "hakuwahi kumkatalia" huwa nasimama kidogo. Inawezekana ni mapenzi. Inawezekana pia ni mazoea. Wenye ndoa mnajua kwamba hivyo viwili mara nyingine vinavaa nguo moja. Namwamini Eleanor, alisema kwa moyo mweupe na maisha yao yanamtetea. Ila si kila nyumba iko hivyo, na hadithi yangu ya pili ni ya mwanamke aliyesema waziwazi kwamba amechoka.

MUME ALIYESIMAMA DIRISHANI

Huyu alikuwa Japani. Masahisa Fukase alizaliwa mwaka 1934 katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye familia iliyokuwa na studio ya picha. Kwa hiyo kamera aliikuta nyumbani kama wengine tunavyokuta jembe au cherehani. Akahamia Tokyo, na mwaka 1964 akamuoa Yoko.

Yoko akawa mzuka wake. Alimpiga picha karibu kila mahali: nyumbani, safarini, kwenye harusi za watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Masahisa alianza mchezo mmoja. Kila asubuhi Yoko akitoka kwenda kazini, mume anasimama dirishani ghorofani na kamera, anampiga picha akiwa kule chini barabarani, amegeuka kumtazama. Siku moja Yoko anacheka. Siku nyingine anatoa ulimi. Siku nyingine kavaa kimono, nyingine anapiga kelele, nyingine amenuna. Ni picha zenye uhai wa ajabu. Ukiziona zimepangwa ukutani unasema, jamani, huyu mwanamke anapendwa. Mwaka 1974 kazi za Masahisa zilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la MoMA huko New York, katika maonyesho ya wapiga picha wapya wa Japani. Nani asingependa kuwa mke wa mtu huyo?

Basi sikia mke mwenyewe alisema nini. Mwaka 1973 Yoko aliandika makala kumhusu mumewe. Alisema kwamba katika miaka yao kumi ya kuishi pamoja, Masahisa alikuwa akimwona kupitia lenzi tu, na kwamba picha zote alizompiga yeye zilikuwa kwa kweli picha za Masahisa mwenyewe. Yaani mtu anaonekana kwenye mamia ya picha, halafu anasema, mimi humo simo.

Mwaka 1976 waliachana.

Masahisa akapanda treni kurudi kwao Hokkaido, na katika safari hiyo akaanza kupiga picha kunguru. Kunguru kwenye nyaya, kunguru kwenye theluji, kunguru usiku macho yakimeta kwa flashi. Akaendelea nao kwa miaka, na mwaka 1986 zikatoka kama kitabu. Mwaka 2010 jopo lililoitishwa na jarida la British Journal of Photography lilikitaja kitabu hicho kuwa bora kuliko vyote vya picha vilivyotoka kuanzia mwaka huo wa 1986. Kisha mwaka 1992 Masahisa alianguka kwenye ngazi za baa moja huko Tokyo, akaumia ubongo vibaya, na hakurudi tena katika hali yake mpaka alipofariki mwaka 2012. Miaka 20, mpenzi msomaji. Na katika miaka hiyo, nani alikuwa akienda kumtazama hospitalini? Yoko, ambaye tayari alikuwa mke wa mtu mwingine. Alisema kwamba mtu yule akiwa na kamera machoni alikuwa anaona, na bila kamera alikuwa haoni.

Najua wapo watakaosema: si umeona, maumivu ndiyo yanayozaa kazi nzuri, angebaki na mkewe asingepata wale kunguru. Hayo ni maneno ya watu ambao hawajawahi kulala kitanda cha watu wawili peke yao. Picha za Yoko dirishani zilipigwa ndoa ikiwa hai, na ni nzuri vilevile. Kilichokosekana pale nyumbani hakikuwa ubunifu. Kilichokosekana ni muda ambao kamera iko mezani na mume yuko pale.

Na hapa kuna jambo linalonisumbua mimi kama mhariri. Ukiniwekea picha za Eleanor na za Yoko upande kwa upande, bila majina wala maelezo, siwezi kukwambia ni mwanamke yupi alikuwa na furaha. Wote wawili wamepigwa na mtu mwenye jicho kali. Picha nzuri haithibitishi kwamba aliyepigwa anapendwa. Kwa hiyo ukimwona mtu anamposti mpenzi wake kila siku na maneno ya asali, usiione nyumba yako ina kasoro.

JUMAMOSI USIKU, BAMAKO

Usidhani haya ni mambo ya Wamarekani na Wajapani tu. Afrika yetu ina mtu ambaye kwangu mimi alilipatia jibu swali hili vizuri kuliko wote, ingawa habari yake haihusu mke bali mji mzima.

Malick Sidibé alikuwa mtoto wa kijijini nchini Mali. Kipaji chake cha kuchora kilimpeleka shule ya ufundi ya Bamako, akahitimu kama mtengenezaji wa vito mwaka 1955. Mfaransa mmoja mwenye duka la picha alimwita kuja kumpambia duka, naye akabaki hapohapo akijifunza kazi. Baadaye akafungua studio yake mwenyewe kwenye mtaa wa Bagadadji. Mali ikapata uhuru mwaka 1960, na vijana wa Bamako wakawa wanacheza twisti kama hakuna kesho. Walikuwa na klabu zao, sahani zao za santuri, suti zao na magauni waliyoshonesha kwa ajili ya Jumamosi moja tu. Mtu waliyemwalika kuwapiga picha alikuwa Malick.

Alikuwa na baiskeli na kamera nyepesi yenye flashi. Usiku mmoja anaweza kupitia sherehe kadhaa. Akitoka huko halali, anaingia studio kusafisha mikanda mpaka alfajiri. Kisha anachapa picha ndogondogo, anazipa namba na kuzibandika kwenye makaratasi, na siku mbili tatu baadaye vijana wanajazana pale nje kujitafuta. Huyu ni mimi! Huyu nani kamshika mkono? Anayetaka picha anataja namba, analipia, anaondoka nayo.

Picha yake maarufu kuliko zote ni ya usiku wa Krismasi mwaka 1963. Kijana aliyevaa suti na msichana aliye pekupeku wanacheza, vichwa vimeinama karibu kugusana, wote wanatabasamu wakitazama chini. Dunia nzima inaiona kama picha ya wapenzi. Malick alieleza kwamba wale walikuwa kaka na dada. Mgeni asingejua. Yeye alijua kwa sababu alikuwa mtu wao, na nadhani ndiyo maana hawakushtuka aliposogea karibu kiasi kile.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2007 Malick alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya heshima ya maisha kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, Mwafrika wa kwanza kuipata na mpiga picha wa kwanza pia. Alifariki mwaka 2016. Lakini tuzo ya kwanza aliipata miaka mingi kabla, pale nje ya studio yake Jumatatu, watu walipokuwa wanazipigania picha zao.

Hebu rudi kwenye lile swali, na mimi napata nini? Vijana wa Bamako walikuwa na jibu mkononi. Picha iliwarudia. Walijitazama wakajipenda, wakaipeleka nyumbani, wengine wakaiweka chini ya mto. Mzuka, kwa maoni yangu, ni kitu cha kuazima. Mpiga picha anaazima uso wa mtu, kicheko chake, hata huzuni yake. Na cha kuazima kinarudishwa. Malick alirudisha. Harry, kwa jinsi Eleanor alivyosimulia, naye kwa njia yake alirudisha. Masahisa aliazima miaka kumi, na siku mwenye mali alipokuja kudai, hakukuwa na kitu mezani.

NIULIZE NIMEAMKAJE

Sasa tuje hapa kwetu. Kuna mpiga picha ambaye tumefanya naye kazi kwa miaka mingi. Jina namhifadhia, na yeye na mkewe wamekubali nisimulie. Ni fundi kwelikweli. Ijumaa yuko sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili anapiga picha za familia ufukweni, na katikati ya wiki anatufanyia kazi sisi. Kwa miaka yote hiyo picha zake bora, zile anazopiga kwa ajili ya nafsi yake na wala halipwi, ni za mkewe. Mkewe anasuka ukili, mkewe anapepeta mchele, mkewe kajifunika kanga ya mama yake.

Siku moja nilikaa na mkewe kwenye shughuli, mume yuko mbele anakimbizana na maharusi. Nikamwambia, shemeji, una bahati, wewe ndiye unayempa mzuka. Akacheka, kisha akaniambia taratibu, "Dada, mimi nilinyoa nywele Jumanne. Yeye aligundua Jumatatu iliyofuata, alipokuwa anasafisha picha kwenye kompyuta. Akaniita kabisa, mama fulani, umenyoa?" Tulicheka wote mpaka watu wakageuka. Lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Baadaye mama yake mzazi aliugua, akalazimika kwenda Tanga kumuuguza. Alikaa miezi mitatu. Huku nyuma mume akaendelea na kazi kama kawaida, na sisi tukaanza kuona tofauti. Picha zilikuwa safi, mwanga sawa, kila kitu mahali pake, ila zimekufa. Bwana harusi wa wiki hii ungedhani ni wa wiki iliyopita kabadilishiwa tai. Nilipomuuliza alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Nikirudi nyumbani hakuna mtu wa kunitazama. Nimegundua nilikuwa napiga picha kwa sababu kuna mtu ananitazama nikipiga." Mimi niliondoka na sentensi hiyo.

Mkewe aliporudi alikuja na sharti moja. Hakumkataza kamera, maana anajua ndiyo inayolipa ada ya watoto. Alimwambia hivi: kabla hujanipiga picha, niulize nimeamkaje, halafu usubiri jibu. Basi. Mume anasema mwanzoni aliona kama utani. Akauliza haraka haraka kama mtu anayebonyeza kitufe, mke akamgeuzia mgongo. Siku nyingine akauliza, na jibu likawa refu, la mama na ugonjwa wake, la hofu ya kurudi tena Tanga kwa msiba. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na siku hiyo picha haikupigwa. Siku kama hizo, anasema, zimekuwa nyingi. Picha za mkewe sasa ni chache kuliko zamani. Amenionyesha baadhi. Sitasema ni bora, maana nimeshakwambia kwamba picha haisemi yote. Nitasema tu kwamba katika moja wapo mke anamtazama moja kwa moja, na katika zile za zamani sikumbuki kuona hivyo.

Je, yameisha? Hapana. Mkewe aliniambia kwamba bado wikiendi zao ni za maharusi wa watu, na kuna Jumapili anakula na watoto peke yake huku akijua mumewe yuko ukumbini anamwambia bibi harusi wa mwenzake atabasamu. Hilo hakuna sharti lililolimaliza. Wanalibeba wote wawili, wiki kwa wiki.

WEWE UFANYE NINI?

Kama wewe ndiye mpiga picha, nina mambo machache ya kukuomba kama dada yako.

Kwanza, usiutafute mzuka mbali kabla hujatazama karibu. Safari ni nzuri, lakini mtu unayemjua atakupa picha ambayo mgeni hawezi kukupa, kwa sababu mbele yako hajipambi. Harry Callahan alikaa na sura moja kwa miaka na haikumwishia.

Pili, muulize. Si kila asubuhi mtu anataka kupigwa picha, na mpenzi wako si kiti cha studio. Akisema leo hapana, weka kamera chini bila kununa. Hapana yake leo ndiyo inayofanya ndiyo ya kesho iwe ya kweli.

Tatu, rudisha. Chapa picha, mpe. Mwonyeshe kabla hujaipeleka kwa watu, na kama hapendi isitoke. Wengi wetu tuna picha 5,000 za wapenzi wetu kwenye simu na hakuna hata moja iliyopo ukutani.

Nne, weka saa ambayo kamera inalala. Iwe chakula cha jioni, iwe baada ya ibada, mtajua wenyewe. Katika saa hiyo mtazame mtu wako kwa macho uliyozaliwa nayo, uone kama bado unaweza.

Na wewe ambaye mpenzi wako ndiye mwenye kamera, usikae kimya kama picha ya ukutani. Yoko aliliandika gazetini wakati mume bado yuko ndani ya nyumba. Wewe lisemee mezani, mapema, kwa sauti ya kawaida. Mwambie unachopenda katika kazi yake na mwambie pia panapokuuma. Ukisubiri akugundulie kwenye kompyuta, unaweza kusubiri mpaka Jumatatu ya wiki nyingine.

Wengine wote wenye simu, nawapa jaribio dogo la mwezi huu. Usiku wa leo muombe mwenzako afumbe macho akueleze umevaa nini, au nywele zako zikoje. Kisha na wewe ufumbe, umweleze yeye. Msigombane, ni jaribio tu. Halafu niandikieni kupitia anwani ya gazeti, mniambie imekuwaje. Barua zenye kuchekesha nitazitoa mwezi ujao, na zenye kuuma nitazijibu mwenyewe, faragha.

Nakutakia mwezi mwema. Mtazame vizuri.